Mdukuzi wetu anacheza peke yake dakika 50, wengine tunakula chipsi. Kanuni za udukuzi mnazifanyaje?

#1 – Kete Sita

Wakuu, heshima kwenu.

Sisi ni watano, tunakutana Sinza kila Jumamosi kwa dada yetu mmoja mwenye sebule kubwa na uvumilivu mkubwa zaidi. Gemu letu ni Cyberpunk RED, lile toleo la 2020 la R. Talsorian Games. Kwa asiyelijua, si la kwenye kompyuta, ni la mezani. Msimamizi anasimulia, kila mchezaji ana mhusika wake, na likitokea jambo gumu bahati ndiyo inaamua. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo mimi ni msimamizi na mkalimani kwa mshahara mmoja, yaani hakuna.

Dar yetu ni ya miaka ya 2090. Jangwani pameshakuwa bahari kabisa, Kariakoo imepanda juu ghorofa mia na mafundi simu wanauza macho na figo. Mkono wa chuma unawekewa umeme kwa tokeni ya tarakimu 20 kama LUKU. Katikati ya mapigano unasikia mtu, "Jamani subirini, mkono umeisha yuniti."

Dadu za ludo tunazo tele, ila za pande kumi hatuna, tunatumia karata: ree hadi kumi za kopa. Unachanga, unalamba moja, hiyo ndiyo namba yako. Unaijumlisha na ujuzi wako, ukizidi ugumu uliowekwa umepita.

Sasa kero. Jumamosi iliyopita kazi ilikuwa kuingia godauni moja Kurasini. Watu watatu wako getini wanapigwa risasi. Mdukuzi wetu kajibanza nyuma ya kontena, kachomeka deki yake, yaani kompyuta yake ya kudukulia. (Dada akapita akauliza kama kuna mtu anapiga deki, tukacheka. Baada ya hapo hatukucheka tena kwa muda mrefu.) Akaanza kushuka kwenye mtandao wa lile godauni, ambao kwenye gemu umepangwa ghorofa ghorofa. Ghorofa ya kwanza, neno la siri. Analamba, anakosa. Analamba, anapita. Ghorofa ya pili, faili. Anauliza faili la nini. Namjibu. Anauliza limeandikwa na nani. Namjibu. Ghorofa ya tatu, barafu nyeusi...

Nilipokuja kuinua macho, mmoja kasinzia, mwingine yuko kwenye simu, na wa tatu alishatoka, kanunua chipsi mayai, karudi, na ile risasi iliyokuwa inamwendea kifuani bado iko hewani inamsubiri amalize kula. Saa ilinionyesha dakika 50.

Kosa liko wapi wakuu? Natamani kuutupa udukuzi wote, mdukuzi awe analamba karata moja tu, amepata au amekosa, tunaendelea.

#2 – Nyundo ya Mbagala

Watu wazima watano, Jumamosi nzima, mnagombania mlango ambao haupo. Hii nchi ina vipaji.

#3 – Paka wa Kariakoo

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Uzi wa hivi nimeusubiri miaka.

#4 – Binti Kurasini

Mleta mada, mimi pia ni msimamizi, meza yetu iko Mbezi, na godauni la Kurasini naomba uliache maana ni kwetu.

Kitabu hakijakosea, umekisoma nusu. Mdukuzi hana dunia yake. Zamu yake iko kwenye foleni ileile ya wapiga risasi, na raundi moja ni kama sekunde tatu tu. Mwenye kiwango cha 4 cha udukuzi anapata vitendo vitatu vya mtandaoni kwa zamu. Akishavitumia ananyamaza, mwingine anapiga risasi, mlinzi anarusha bomu, ndipo zamu inamrudia. Wewe ulimwachia ashuke mpaka chini kwa pumzi moja huku wenzake wamegandishwa kama picha ya ukutani.

Halafu kuna jambo watu wanaliruka. Lazima awe ndani ya mita sita kutoka kwenye sehemu ya kuunganishia. Hiyo mita sita ndiyo roho ya kanuni zote. Kwenye lile toleo la 1990, Cyberpunk 2020, mdukuzi aliweza kukaa kitandani kwake na kupita kwenye ramani kubwa ya mtandao ya dunia nzima, wenzake wako mji mwingine. Hapo chipsi lazima ziagizwe. Kwenye RED, hadithi yenyewe inasema mtandao wa zamani uliharibika ukafungwa, kila jengo limebaki na mtandao wake mdogo. Unataka cha Kurasini, nenda Kurasini, na risasi zikufikie na wewe.

Mtu wa Dar hilo halihitaji kuelezwa sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilipopata hitilafu, tulijua siku ileile maana ya dunia kujifunga. Aliyekuwa na jambo lake alilifuata kwa miguu.

#5 – Kete Sita

Binti Kurasini nimekubali la foleni, hapo nilikosea na nimeona aibu kidogo. Ila nusu ya kero inabaki. Mwenzake analamba karata moja, "nampiga mlinzi," basi. Yeye analamba tatu, na kila moja ina maswali yake. Raundi ikizunguka, nusu ya muda ni wake.

Na barafu nyeusi ndiyo inaniua kabisa. Kwa wasiojua, ni programu za ulinzi zinazomgeukia mdukuzi mwenyewe. Dada kila akisikia anadhani tunaongelea barafu za ubuyu.

#6 – Hesabu Haina Huruma

Nimeusoma uzi nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi Gerezani, nikapata muda wa kutosha wa kupiga hesabu.

Kwanza tuone ile chuki ya kulamba mara nyingi. Mdukuzi ana kiwango cha 4, ugumu wa neno la siri ni 8. Lazima azidi 8, kwa hiyo anahitaji tano na kuendelea. Karata sita kati ya kumi, yaani asilimia 60. Si mbaya. Ila ukimwekea milango minne yenye neno la siri mfululizo na kosa moja linamtoa nje, unazidisha 0.6 mara nne: asilimia 13. Umemwambia mtu ana nafasi nzuri, halafu umemnyonga kwa kamba nne nyembamba. Ukimruhusu kurudia, hakwami, ila kila mlango utamla karibu majaribio 1.7, milango minne karibu 7. Hizo ndizo dakika zako 50. Kosa la kwanza la wasimamizi wengi ni kuweka mlango kila ghorofa kwa sababu tu ghorofa ipo. Mlango ambao akikosa hakuna kinachobadilika, uondoe. Hauongezi hofu, unaongeza foleni.

Pili, swali. Mkishalamba karata mnairudisha na kuchanga upya kila mara?

#7 – Kete Sita

Ndiyo mkuu. Si ndiyo haki?

#8 – Hesabu Haina Huruma

Ni haki, ila mmeigeuza karata kuwa dadu mbovu, mnatumia dakika kuchanga. Msiirudishe. Karata kumi zikae katikati ya meza, rundo moja la watu wote, akilamba mtu anaifunua na inabaki wazi. Zikiisha ndipo mnachanga.

Angalia kinachotokea. Kwa kurudisha, kushinda mara nne mfululizo ni asilimia 13. Bila kurudisha ni 6/10 mara 5/9 mara 4/8 mara 3/7, ambayo ni 1 kati ya 14, asilimia 7. Kukosa mara nne mfululizo, kwa kurudisha ni asilimia 2.6. Bila kurudisha ni karibu nusu ya asilimia moja. Yaani bahati kubwa inapungua, na mkosi mkubwa unapungua zaidi. Ndani ya rundo moja kuna ushindi sita na makosa manne, hakuna zaidi, hakuna pungufu.

Lakini dawa ya kero yako iko hapa. Mdukuzi analamba tatu. Tuseme kapata ree, mbili na nne. Garasa tupu, kakwama. Jumla ya rundo ni 55, kala 7, zimebaki karata saba zenye jumla ya 48. Wastani umetoka 5.5 hadi karibu 6.9. Mikosi yake ameitoa mezani, na anayefuata kupiga risasi anakuta rundo limenona. Kinyume chake, akilamba kumi, tisa na nane, kafungua kila mlango na kawaachia wenzake makapi.

Niambie nani atasinzia hapo.

#9 – Paka wa Kariakoo

Hii post ya hesabu imeniamsha kuliko kahawa. Yaani mdukuzi akilamba garasa, meza inashangilia!

#10 – Kete Sita

Nimekaa nimeduwaa. Miaka miwili tunachanga karata kama wendawazimu. Jumamosi naenda kujaribu, nitaleta mrejesho.

#11 – Mzee wa Shupaza

Vijana, mimi nilianza haya mambo zamani kidogo, vitabu vilikuwa vinakuja kwenye begi la mtu aliyetoka nje. Ugonjwa huu wa mdukuzi kuteka meza haukuanza Sinza. Shadowrun ya 1989 ulikuwepo, Cyberpunk ya 1990 ulikuwepo. Sababu ni kwamba waandishi walipenda sana udukuzi ufanane na kompyuta halisi, wakaandika sura nzima za deki na kumbukumbu na kasi, kama kitabu cha fundi.

Na kufanana huko kuliwahi kumponza mtu. Tarehe 1 Machi 1990, maofisa wa Secret Service ya Marekani waliingia kwenye ofisi za Steve Jackson Games, mji wa Austin, Texas. Hao ni watengenezaji wa michezo ya mezani kama huu wenu. Wakabeba kompyuta, pamoja na mswada wa kitabu cha kanuni walichokuwa wanakaribia kukitoa, GURPS Cyberpunk. Mwandishi wake, Loyd Blankenship, alikuwa anajulikana kwenye duru za wadukuzi, na uchunguzi ulihusu waraka wa kampuni ya simu uliosambaa. Kampuni yenyewe haikushtakiwa kwa lolote. Lakini kile kitabu kiliitwa mwongozo wa uhalifu wa kompyuta! Kitabu cha kurusha dadu! Ikabidi wakiandike upya kutoka kwenye vipande vya nyuma, kikatoka mwaka huohuo. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1993 jaji Sam Sparks akawapa ushindi, fidia ya zaidi ya dola 50,000 pamoja na gharama za mawakili. Shirika la EFF, la kutetea haki za watu mtandaoni, lilizaliwa mwaka huohuo wa 1990 na liliwasaidia kwenye kesi.

Kwa hiyo kwenye meza yangu benki na mitandao ya simu yote ina majina ya kubuni, na hakuna anayeuliza inafanyikaje kweli. Sisi nasi tuna Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao tangu 2015. Mchezo si kosa, ila nani anataka kukaa kumweleza mtu ree ya kopa ni nini?

#12 – Nyundo ya Mbagala

Mzee hapo kwenye dola 50,000 nimeanza kuuheshimu mchezo.

#13 – Wakala wa Mabibo

Naomba na mimi nichangie, mimi si mtaalamu wa kompyuta, nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa.

Kwenye michezo yenu mdukuzi anapambana na mashine. Mimi sijawahi kuona mtu anapambana na mashine. Nimeona mtu anapambana na mimi. Mwaka fulani nilipigiwa saa moja asubuhi, nafungua kibanda, mkono mmoja una kufuli. Jamaa ana sauti ya ofisini, anajua jina langu, anajua namba yangu ya uwakala. "Tunaboresha mfumo, usiache laini ikakatika, bonyeza nitakachokuambia." Nyuma yake nasikia simu nyingine zinaita, kama ofisi kweli. Nilibonyeza namba tatu za mwanzo. Kilichoniokoa ni mteja aliyekuwa anagonga dirisha kwa sarafu, ana haraka ya gari, nikamwambia yule wa simu "subiri kidogo," akanifokea. Ofisini hawafoki asubuhi. Nikakata.

Mpaka leo nina karatasi nimeibandika chini ya kaunta upande wangu: AKIKUHARAKISHA NI MWIZI.

Tangu ile "hela tuma kwenye namba hii" mpaka leo, wizi wa mtandao wa mjini hapa unapita mdomoni. Kwa hiyo kanuni yangu, kama mtaikubali: kila ghorofa iwe na njia mbili. Moja ya mdukuzi, na moja ya mtu. Neno la siri liko kwenye karatasi chini ya kaunta ya mtu fulani. Wakati mdukuzi analamba karata zake nyuma ya kontena, mwenzake mwenye mdomo anampigia mlinzi simu. Mwingine anamnunulia mlinzi chai. Akipata lile neno, ghorofa ile inafunguka bila kulamba. Hapo hata asiyejua deki ni nini ana kazi ndani ya udukuzi.

#14 – Binti Kurasini

Wakala, hiyo naichukua kama ilivyo. AKIKUHARAKISHA NI MWIZI naibandika kwenye jiko langu.

Niongeze la programu, maana kichwa cha uzi ni kanuni na hatujagusa programu hata moja. Deki ya kawaida ina nafasi saba. Watu wanazijaza kama begi la shule, halafu wanatumia mbili. Sababu ni kwamba nyingi ni za kuongeza namba tu. Worm inakuongezea 2 kwenye kuvunja neno la siri, Eraser inakuongezea 2 kwenye kufuta nyayo. Ni nzuri, ila ukishaiwasha, na kuiwasha kunakula kitendo kimoja, haina tena hadithi. Sisi tulizipa majina ili zikumbukwe. Worm ni Mchwa. Sword ni Panga, inakata barafu nyeusi kwa dadu tatu za ludo, programu nyingine kwa mbili. Armor, inayopunguza 4 kwenye kipigo cha ubongo, tunaiita Kofia ya Bodaboda, kwa sababu kila mtu anayo na hakuna anayeivaa mpaka ameshaanguka.

Na Kete Sita, umesema barafu nyeusi inakuua. Mimi ndiyo inayoniokoa, kwa sababu ndiyo pekee inayotoka nje ya mtandao ikagusa chumba. Chukua ile ya Hellhound, sisi Mbwa wa Jehanamu. Ikimpata mdukuzi inamgonga dadu mbili kichwani, halafu deki inawaka moto pamoja na nguo zake. Moto wa kweli! Kila zamu yake ikiisha anapoteza pointi mbili za uhai mpaka auzime, na kuuzima ni kazi ya mwili, na zamu ya mwili si zamu ya mtandao. Sasa una mtu anawaka nyuma ya kontena, moshi unaonekana getini, na wale walinzi waliokuwa hawajui yuko wapi sasa wanajua. Ukimsimulia mbwa peke yake, watu wanaangalia simu. Simulia moshi.

#15 – Kete Sita

Mrejesho kama nilivyoahidi. Tumecheza jana.

Kazi ilikuwa Kivukoni. Pantoni ya 2090 haipiti mpaka geti likusome jicho, na tulikuwa na mtu wa kuvusha kwenda Kigamboni ambaye jicho lake linatafutwa. Geti lina mtandao wa ghorofa nne. Nilifuata Hesabu, nikaacha mlango mmoja tu, ghorofa ya pili. Nikafuata Wakala, neno la siri analo dada wa tiketi.

Rundo katikati, karata wazi. Raundi ya kwanza mdukuzi kalamba tatu, mbili, ree. Meza ikalipuka. Mtu kashindwa kila kitu na watu wanampigia makofi! Dada akatoka jikoni kuangalia nani kashinda. Mwenye mdomo akalamba tisa, akamwambia dada wa tiketi kwamba mwenye pantoni amefariki na yeye ndiye mpwa wake, akapewa neno la siri pamoja na pole. Ghorofa ya pili ikafunguka. Mapigano, udukuzi, kuvuka, vyote dakika 40, na muda wa mdukuzi peke yake sidhani ulifika 12.

Ila kuna tundu limetokea, na si dogo. Karata ziko wazi, kwa hiyo kila mtu anahesabu. Zimebaki mbili, sita na kumi, na mdukuzi anajua hilo. Akakataa kufanya chochote, "napita, napita," mpaka mlinzi wangu alambe ile sita, halafu yeye akaichukua kumi kama anachukua chenji yake. Alikuwa na uhakika asilimia mia, mbele ya geti linalosoma macho. Hofu yote ikaisha. Jamaa wa arobastini hawafundishiki, wamezaliwa wanahesabu.

Dada ndiye aliyetoa wazo: wekeni jokeri. Ikitoka, mnachanga upya, na barafu nyeusi inaamka. Raundi mbili za mwisho tulicheza hivyo. Ilikuwa tamu mno, ila naona kama Mbwa wa Jehanamu ameamka mara nyingi kupita kiasi. Mpaka abiria wa pantoni wamezoea moshi.

#16 – Hesabu Haina Huruma

Ameamka mara nyingi kwa sababu mmemweka kwenye chumba kidogo. Karata kumi na jokeri moja ni 11. Jokeri inaweza kuwa popote kuanzia ya kwanza hadi ya 11, wastani wake ni ya 6. Nyie raundi moja mnalamba ngapi? Mdukuzi tatu, wengine watatu moja moja, ni sita, bado walinzi wako. Mbwa anaamka karibu kila raundi.

Ongeza ree hadi kumi za uru. Karata 20 na jokeri moja ni 21, wastani unahamia ya 11. Hapo atakuja raundi ya pili hivi, wakati mwingine mapema, wakati mwingine mnamsahau kabisa. Na kuhesabu kunakuwa kugumu, maana kila namba iko mara mbili, na hakuna anayefika mwisho wa rundo akiwa na uhakika kwamba jokeri haitangulii.

Salamu kwa dada. Yeye ndiye msimamizi, wewe ni mkalimani.

#17 – Mzee wa Shupaza

Msiweke jokeri zote mbili. Nimejaribu usiku huu na wajukuu, nyumba nzima imeungua.

#18 – Mdukuzi wa Sinza

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye mdukuzi.

Kwanza, hazikuwa dakika 50. Zilikuwa 35, na 15 mlikuwa mnagombana nani kamaliza tomato.

Pili, nimesoma nondo zote na nyingi nakubali, la mita sita, la dada wa tiketi, la moshi. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mimi nachagua mdukuzi kila mara. Nafanya kazi dukani, siku nzima nasemeshwa. Jumamosi napenda kile kipande cha kushuka kwenye jengo lenye giza, ghorofa baada ya ghorofa, sijui kilichopo chini. Msimamizi akiniambia "ghorofa ya tatu kuna kitu kinapumua," mimi nimeshalipwa. Mkikifanya kuwa karata moja, amepata au amekosa, mimi nitachukua bunduki kama wengine na tutakuwa na wapiga bunduki wanne.

Tatu, hili rundo la pamoja limenigeuza dampo. Jana nimelamba ree tatu kwa usiku mmoja na watu wananipigia makofi. Nakubali kuwa dampo, ila dampo lilipwe. Naomba programu moja mpya. Iitwe Mfuko. Nikilamba karata nzuri naweza kutoitumia, naitia mfukoni, na baadaye namrushia mwenzangu yeyote aitumie kwa zamu yake. Mimi niko chini gizani, yeye yuko getini, ghafla bunduki ya mlinzi inakwama kwa sababu mimi nimeigusa kutoka huku.

#19 – Kete Sita

Hapo kwenye "kitu kinapumua" umenigusa kaka. Zilikuwa 50 lakini.

Mfuko naupenda. Ila si utatia kumi zote humo?

#20 – Binti Kurasini

Asiweze. Mfuko unachukua nafasi moja kati ya zile saba, unabeba karata moja tu, na jokeri ikitoka kabla hajaitoa, karata inarudi kwenye rundo na Mbwa anaanzia kwenye mfuko.

#21 – Mdukuzi wa Sinza

Anaanzia kwenye mfuko! Haya, nimekubali. Jumamosi nakuja na karata za uru, na Kofia ya Bodaboda nitaiwasha kabla sijashuka.

#22 – Nyundo ya Mbagala

Swali la kiufundi: mwenye mdomo tu, asiye na mkono wa chuma, analipia yuniti?